Jaji aliyepandishwa na chama: anaweza kuhukumu bila ya kuelemea?

Mwanakarafuu, Wete

Assalamu alaykum. Juzi baada ya sala ya isha, barazani kwetu hapa Wete, ulizuka mjadala ambao ulikuwa bado haujakwisha wakati dele la kahawa lilipokauka, nami nauleta hapa kwa sababu najua wamo humu watu walioyaona mambo ya mahkama kwa macho yao. Chanzo chake ni Brett Kavanaugh, jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani. Mjomba wangu, ambaye tangu ujana wake redio haimtoki sikioni, anashikilia kwamba mtu yule hakufaa kukalia kiti kile tangu siku aliyotajwa. Mimi nikamwambia kwamba jaji hupimwa kwa hukumu anazoziandika, si kwa mlango alioingilia.

Kwa wasiomfahamu, Kavanaugh alikuwa miongoni mwa mawakili wa mwendesha mashtaka huru Kenneth Starr waliomchunguza Rais Bill Clinton wa chama cha Democratic katika miaka ya 1990. Baadaye alifanya kazi Ikulu chini ya George W. Bush wa Republican, na Bush huyohuyo ndiye aliyemfanya jaji wa mahakama ya rufaa ya shirikisho mjini Washington mwaka 2006. Julai 2018 Donald Trump akamteua kwenda Mahakama ya Juu. Tarehe 27 Septemba mwaka huo alifika mbele ya kamati ya Seneti kujibu tuhuma za Christine Blasey Ford, aliyesema kwamba alimshambulia kingono walipokuwa vijana. Alizikanusha, lakini alizikanusha kwa hasira kubwa, akasema kwamba jambo lile lilikuwa shambulio la kisiasa lililopangwa, na akataja kisasi kwa niaba ya akina Clinton. Tarehe 6 Oktoba Seneti ikampitisha kwa kura 50 dhidi ya 48.

Mjomba akauliza: mtu aliyewataja wapinzani wa chama chake kwa kinywa chake, mbele ya dunia nzima, kesho wakija na kesi yao atawasikiliza kwa sikio gani? "Hiyo ni kesi ya ngedere kupelekewa nyani," akasema, baraza zima likacheka, nami sikuwa na la kumjibu. Naomba mnisaidie. Je, mtu aliyelelewa na chama na kupandishwa na chama anaweza kweli kukaa katika mahkama ya juu ya nchi na kuhukumu kwa insafu, au ni mambo ya kujiliwaza tu? Na anayetaka kuyaingiza ya kwetu humu, ayaingize kwa adabu.

Karani Mstaafu, Chake Chake

Waalaykumu salaam, mwanangu. Kwa zaidi ya miaka thelathini nilikaa chini ya meza ya hakimu katika mahkama za hapa Pemba, nikipanga majalada, nikiita mashahidi na nikiwatazama watu wakihukumiwa, na katika muda wote huo sikumuona hata hakimu mmoja aliyekuja duniani bila ya ukoo, bila ya mtaa, na bila ya rai yake kuhusu nani atawale. Kwa hivyo kuambiwa kwamba jaji ana chama moyoni hakunishitui. Ninachokiangalia mimi ni deni. Liko deni lililokwisha kupokewa na kufungwa, na liko deni linalosubiriwa, na mawili haya hayafanani. Jaji wa mahakama ile ya Marekani hupewa kiti cha maisha, na akishaapa, aliyemteua hana tena la kumuongezea wala la kumpunguzia. Wa kumuogopa ni yule ambaye bado anatazamia kupandishwa, au anayetumai kwamba akistaafu atapewa uenyekiti wa tume fulani, hata kama hajawahi kushika kadi ya chama maishani mwake. Mchama ago hanyele, huenda akauya papo: anayejua kwamba atarudi kupiga kambi mahali palepale hapachafui.

Historia ya huko kwao inaniunga mkono kwa kiasi fulani. Mwaka 1974 Rais Richard Nixon alikataa kutoa kanda za mazungumzo yake katika kashfa ya Watergate, na katika mahakama ile walikuwamo majaji 4 aliowaweka yeye mwenyewe. Mmoja wao, William Rehnquist, alijitoa kwa sababu alikuwa amefanya kazi katika Wizara ya Sheria ya serikali hiyohiyo. Watatu waliobaki waliungana na wenzao, zikawa kura 8 kwa 0, na aliyeiandika hukumu ni Jaji Mkuu Warren Burger, mteule wa Nixon. Siku 20 hazikutimia, Nixon akajiuzulu. Kabla ya hapo alikuwapo Earl Warren, gavana wa California na mgombea mwenza wa Republican mwaka 1948, mwanasiasa kutoka utosini hadi unyayoni. Huyo ndiye aliyewaongoza majaji wote 9 mwaka 1954 kuharamisha utenganishaji wa wanafunzi kwa rangi katika skuli za serikali. Na miongoni mwa hao 9 alikuwamo Hugo Black, aliyekuwa seneta wa Democratic kutoka Alabama, ambaye kabla ya kuingia Seneti aliwahi kuwa mwanachama wa Ku Klux Klan, kundi la Wazungu wabaguzi wa rangi. Nani angemtabiria?

Nitaongeza jambo moja ambalo halimo vitabuni. Katika mahkama zetu hakimu ndiye aliyekuwa akiandika mwenendo wa kesi kwa mkono wake, neno baada ya neno, shahidi akisema naye akiandika. Hakimu aliyekwisha kuamua moyoni, kalamu yake husimama huku shahidi bado anasema. Mdomo wake unaweza kubaki na adabu zote, "endelea bibi, tunakusikiliza", lakini kalamu imelala juu ya karatasi na wino unakauka. Mimi nilikuwa siutazami uso wa hakimu. Nilikuwa nikiitazama kalamu.

Mpingaji, Michenzani

Mzee wangu Karani, shikamoo. Kalamu yako nimeipenda, lakini deni lako silikubali. Nixon wa Julai 1974 alikuwa ameshaanza kukimbiwa na watu wa chama chake mwenyewe, na kumhukumu mtu anayezama hakuhitaji ushujaa mkubwa. Tutazame Desemba 2000, wakati George W. Bush na Al Gore walipogombania kura za urais za Florida. Mahakama ileile ilisimamisha uhesabuji upya kwa kura 5 dhidi ya 4, na hao 5 wote walikuwa wameteuliwa na marais wa Republican, chama cha aliyefaidika. Walikuwa na viti vya maisha, wala hapakuwa na cheo walichokingoja.

Mzee wangu anazungumzia deni. Mimi nazungumzia mbegu. Anayeijua kazi ya kuteua hamtafuti mtu atakayemlipa fadhila, bali humtafuta mtu ambaye kwa hiari yake mwenyewe, akiwa amelala usingizi wa amani kabisa, ataamua lile ambalo chama kinalitaka. Trump alisema waziwazi katika kampeni ya 2016 kwamba majaji atakaowateua wataiondoa hukumu ya 1973 iliyolinda haki ya kutoa mimba. Juni 2022 majaji 5 wakaiondoa, na 3 kati yao walikuwa wake, Kavanaugh akiwamo. Hakuna aliyempigia mwenzake simu, wala haikuwapo haja. Tarehe 1 Julai 2024 mahakama hiyo ikampa Trump mwenyewe kinga pana dhidi ya mashtaka ya jinai kwa matendo yake rasmi ya urais, kura 6 kwa 3, wateule wake wote watatu wakiwa upande wa walio wengi. Hata Seneti imeacha kujificha: mwaka 1986 Antonin Scalia alipita kwa kura 98 kwa 0, na mwaka 1993 Ruth Bader Ginsburg kwa 96 kwa 3, ingawa itikadi zao zilijulikana; Kavanaugh akapita kwa 50 kwa 48, karibu kila mtu na chama chake.

Sisi huku tunaujua mchezo huu tangu ngazi ya chini. Nilipokwenda kwa sheha mmoja, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa, kutaka barua ya ukaazi, nilimkuta amevaa kofia ya chama. Aliponiona aliivua, akaiweka dirishani, akasema, "Sasa mimi ni sheha wa watu wote." Barua nilisubiri wiki tano, jirani yangu, mwenye kofia kama ile, aliipata siku ileile. Kofia huvuliwa, mzee wangu. Kichwa kilichoivaa hakivuliki.

Ukhti Mwalimu, Mkunazini

Ndugu zangu, naona nyote wawili mnautafuta uadilifu ndani ya kifua cha jaji, huyu akisema umo, yule akisema haumo. Dini yetu haikutuagiza tuyapasue matumbo ya watu. Imemuagiza mwenye kuhukumu nini afanye, na katika maagizo hayo limo moja linalogusa moja kwa moja yale ya tarehe 27 Septemba: Mtume, rehema na amani zimshukie, amemkataza hakimu kuhukumu baina ya watu wawili hali ya kuwa amekasirika. Hakusema kwamba hakimu mwema hakasiriki. Ni kweli kwamba siku ile Kavanaugh alikuwa mtuhumiwa, hakuwa juu ya kiti, na mtu anayeamini kwamba amesingiziwa mbele ya mkewe na watoto wake ana haki ya kuhamaki. Kosa nililoliona mimi ni dogo zaidi ya hasira lakini linadumu kuliko hasira: alikitaja chama. Hasira ya siku moja hupoa, ila Mdemokrati atakayesimama mbele yake miaka kumi baadaye atakuwa ameyasikia maneno yale, na akishindwa hatajua ameshindwa na sheria au ameshindwa na siku ile.

Kisa cha Kadhi Shuraih tunakisomesha kwa watoto, lakini nadhani wakubwa tunakisahau. Sayyidna Ali, akiwa Khalifa, alidai kwamba deraya iliyokuwa mikononi mwa mtu asiye Muislamu ilikuwa yake. Kadhi, ambaye alikuwa akikaa katika kiti chake chini ya utawala wa Ali, akamuuliza shahidi. Akamleta mwanawe Hasan. Kadhi akaukataa ushahidi wa mtoto kwa babaye, na Khalifa akashindwa. Watoto hupenda mwisho wake, yule mtu alipoungama kwamba deraya haikuwa yake. Mimi hupenda katikati: Shuraih hakuambiwa aache kumpenda Ali, na pengine alimpenda sana. Alikuwa na kanuni ya ushahidi mkononi, akaifuata, basi.

Nimuombe Mpingaji asitusahaulishe upande wa pili wa kuelemea. Nimewahi kuwa msimamizi wa mitihani ambayo mtoto wa dada yangu alikuwa akifanya, na kwa kuogopa kusemwa nilimkazia kuliko wenzake, hata karatasi ya ziada alipoiomba nilichelewa kumpa. Watu walinisifu kwa uadilifu. Dada yangu hakunisifu, na alikuwa na haki.

Wakili Kijana, Tunguu

Nimeyasoma yote, na ningependa kuongeza ya kisheria. Kwanza, kuhusu kura ya 2000, Mpingaji ameisema kweli ila ameisema nusu. Miongoni mwa wale 4 walioipinga hukumu ile, wawili, John Paul Stevens na David Souter, nao waliteuliwa na marais wa Republican; na Souter aliteuliwa na Bush baba, yaani babake huyo George W. Bush. Majaji wa Bush baba waliokuwamo siku ile walikuwa wawili, Souter na Clarence Thomas. Mmoja alimpa mtoto, mwengine akamnyima. Sasa mbegu hiyo ilipandwa na mkulima mmoja, ikatoa miti miwili. Na Kavanaugh mwenyewe, Julai 2020, alikuwa miongoni mwa majaji 7 waliokataa hoja ya Trump kwamba mwendesha mashtaka wa New York hawezi kabisa kudai hesabu zake za fedha; na Juni 2023 alimfuata Jaji Mkuu John Roberts na majaji watatu walioteuliwa na marais wa Democratic, wakaamua kwa kura 5 dhidi ya 4 kwamba ramani ya majimbo ya Alabama imewanyima Weusi haki yao ya kura, uamuzi ambao Republican wa Alabama hawakuutaka. Simtetei. Nasema tu kwamba anayetabiri kwa kutazama aliyeteua atapata mara nyingi na atakosa mara kadhaa, na hizo mara kadhaa ndizo zinazomfanya mtu aendelee kupeleka kesi mahkamani.

Kwetu sisi, Ibara ya 113A ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inamkataza jaji, msajili na hakimu kujiunga na chama chochote cha siasa, isipokuwa anabaki na haki ya kupiga kura. Ni katazo zuri, lakini linashika kadi, halishiki mapenzi. Marehemu Jaji Augustino Ramadhani, mzaliwa wa hapa Unguja, alikuwa Jaji Mkuu wa Zanzibar katika miaka ya 1980 na Jaji Mkuu wa Tanzania kuanzia 2007 hadi 2010. Mwaka 2015 alichukua fomu ya CCM kuomba kugombea urais. Hakulivunja katazo hilo, wala simtaji kwa kumlaumu, kwa sababu sidhani kwamba hukumu zake za miaka thelathini zilibadilika hata nukta siku aliyoichukua fomu ile. Wapo wanaodhani vyengine, na katazo la kadi haliwezi kuwajibu.

Halafu ipo kesi ya uhaini, ambayo kila mtu wa makamo humu anaikumbuka. Wanachama 18 wa CUF, chama cha upinzani, walishitakiwa kwa uhaini dhidi ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, na mwaka 2000 Mahakama ya Rufani, ambayo majaji wake huteuliwa na Rais wa Muungano, iliamua kwamba uhaini hauwezi kutendwa dhidi ya Zanzibar kwa sababu Zanzibar si dola. Hoja iliyowapa ushindi washitakiwa ndiyo hoja iliyowachoma mioyo wengi wa waliokuwa wakiwaunga mkono. Nimewahi kuuliza Jaws Corner, baraza la kahawa la Mji Mkongwe, hukumu ile ilielemea upande gani. Nilipata majibu manne kutoka kwa watu watatu.

Mwisho, mjomba wa Mwanakarafuu atasema: mbona Kenya waliweza? Ni kweli, tarehe 1 Septemba 2017 Jaji Mkuu David Maraga na wenzake watatu, dhidi ya wawili, waliufuta ushindi wa Rais Uhuru Kenyatta, ambaye mwaka mmoja tu kabla ndiye aliyemteua Maraga, baada ya Tume ya Utumishi wa Mahakama kuwahoji waombaji hadharani na kumpendekeza. Lakini kwetu, mgombea urais akishatangazwa na Tume ya Uchaguzi, iwe kwa Muungano au kwa Zanzibar, Katiba inazizuia mahkama kuuchunguza uchaguzi wake. Mtihani aliopewa Maraga majaji wetu hawapewi kabisa, kwa hivyo hatuwezi kusema wangefaulu wala wangefeli. Na pale ambapo mtihani upo, mimi naona bora kanuni isimtegemee mtahiniwa. Itifaki ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, inamkataza jaji kusikiliza kesi ambayo nchi yake ni mdaawa, apende asipende. Marekani kila jaji wa Mahakama ya Juu huamua mwenyewe kama ajitoe, na maadili waliyoyaandika Novemba 2023 hayana chombo cha kuyasimamia. Ningekuwa Mpingaji, hapo ndipo ningepiga kelele.

Mpingaji, Michenzani

Wakili, kuhusu Souter umenishinda, nakiri. Ila naomba uangalie: tangu Souter awageuke, Republican wamekuwa waangalifu mno katika kuchagua mbegu. Mti wa pili hauoti tena kwa bahati.

Mwanakarafuu, Wete

Nawashukuru nyote. Nimemsomea mjomba majibu haya usiku wa jana, kutoka kwenye simu yangu, naye akisikiliza huku amefumba macho. Ya Kenya aliyapokea, ya Shuraih alikuwa akiyajua, ya Souter yalimchekesha. Swali lake limebaki moja, na amenituma nimuulize Mzee Karani: katika miaka yote hiyo, aliwahi kumuona hakimu aliyeiweka kalamu chini kisha akaiokota?

Karani Mstaafu, Chake Chake

Mpe salamu mjomba wako. Niliona mara moja. Ilikuwa baada ya uchaguzi wa 1995, wakati ambapo huku Pemba watu walisusiana maduka na hata mazishi, na hakimu tuliyekuwa naye alijulikana na kila mtu kwamba ni wa upande gani. Bibi mmoja wa upande wa pili alikuwa akidai mikarafuu sita. Alisema kwa muda mrefu, akarudia, akaingia katika habari za marehemu babake, na kalamu ikalala. Mara akanyamaza katikati ya sentensi. Hakimu akamwambia aendelee. Bibi akasema, "Ninakungoja wewe, mwanangu, uandike." Mahkama nzima ilikuwa kimya. Hakimu aliitazama karatasi yake, akaiokota kalamu, akamwambia, "Tuanze tena pale ulipomtaja babako." Akaandika mpaka saa nane mchana.

Hukumu alimpa mpinzani wake. Bibi akakata rufaa, na mimi ndiye niliyelipeleka jalada. Mwenendo ulikuwa na kurasa zake zote, na maneno ya marehemu babake yalikuwamo kama alivyoyasema. Kwa hati ile ya mkono wa hakimu huyohuyo, mahkama ya juu ikamrudishia mikarafuu yake sita.